Mtoto Niliyemsahau Bondeni

Jina la Bwana litukuzwe, yeye anayejua hatua za mwanamke kabla hajazikanyaga, aliyeniacha hai mpaka leo nimeketi mezani na miwani yangu kuandika jambo ambalo kwa zaidi ya miaka arobaini nimelisema kwake peke yake. Namshukuru kwa mkono ambao bado unashika kalamu. Namshukuru pia kwa subira aliyonijalia uzeeni, ingawa ninayetaka kumweleza hapa ni mimi wa mwaka mmoja ambao watu waliniona nina subira, kumbe nilikuwa mgonjwa.

Mwezi uliopita tulimfanyia mume wangu arobaini, hapa hapa Newala. Alikuwa katekista maisha yake yote, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina lake la ubatizo. Alikuwa Mwalimu, hata kwangu. Baada ya ibada tulikaa uani, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka, na mwanangu wa kwanza, Yohana, akasimama kusoma wasifu wa baba yake. Alisoma vizuri. Akafika mahali akasema, "Katika nyumba ya baba hakuna mgeni aliyekosa maji ya kunawa, ya kunywa, wala ya kuoga. Hata kiangazi." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, maana huku juu kila mtu mwenye umri wangu anajua uzito wa sentensi hiyo. Kando yangu alikuwa Mama Somoe, aliyekuja kwa bodaboda kutoka Tandahimba kwa binti yake. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Akanibana mkono chini ya kanga na kuninong'oneza, "Yalikuwa yakija yenyewe, hayo maji?" Nikakaza midomo nisicheke kwenye arobaini ya mume wangu. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka, akaniangalia. "Hujamwambia Yohana mpaka leo?" Nikatikisa kichwa. Wakati ule ule nikamwona mke wa Yohana, Mama Neema, amesimama kwenye bomba nyuma ya jiko, kitoto chake cha miezi minne mgongoni. Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika pembeni, yanamlowesha miguu, naye anayatazama kama mtu anayetazama barabara ambayo haina gari. Bomba letu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki. Hakuna mwanamke huku juu anayeacha maji yamwagike kwa uzembe. Nilijua nilichokiona, na tangu saa ile sikusikia tena wasifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni mtoto wa Masasi, chini kule kwenye milima ya mawe, ambako kisima chetu kilikuwa karibu kiasi kwamba mama alinituma maji huku ugali ukiwa motoni. Kwa desturi yetu, Wamakua kama Wamakonde, mwanamume anapooa ndiye huhamia kwa wakwe zake, na mwanamke hubaki karibu na mama yake na dada zake. Hivyo ndivyo mabinti wote niliofundwa nao walivyokaa. Mimi nilifanya kinyume, kwa sababu Kanisa lilimpangia Mwalimu kazi kijijini kwa mama yake, ukingoni mwa uwanda wa juu, nami nikapanda naye. Watu walisema ni heshima kubwa. Hakuna aliyesema kwamba nitafika mahali ambapo sitakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia kwa lugha yangu, "Leo sijisikii vizuri."

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na vyumba vitatu, na jikoni kulikuwa na mitungi mitatu imezikwa nusu kwenye mchanga: wa kunywa, wa kupikia, na wa wageni. Huo wa wageni ndio ulikuwa bwana wa nyumba. Nyumba ya katekista haifungwi. Wanakuja wanaojiandaa kubatizwa, wafiwa, waliogombana, na Padri na wasaidizi wake kila mzunguko wa parokia, na kila mmoja ana vumbi miguuni. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno makali. Alfajiri aliingia jikoni na kugonga mitungi kwa kidole, ko, ko, ko, na mimi kitandani nikajua kwa mlio kiasi kilichobaki. Ukilia mtupu hakusema kitu. Alichukua ndoo akaiweka wima nje ya mlango wa chumba chetu, basi. Yeye naye alikuwa ameteka miaka yake, mpaka magoti yakakataa na shingo ikainama upande. Sikumchukia wakati ule, na sasa ninapomkumbuka nampenda.

Maji yalikuwa bondeni. Unashuka genge, ule ukingo mkali wa uwanda, kwa njia ya mawe muda wa saa nzima, unafika kwenye chemchemi ambayo mwezi wa tisa na wa kumi hutoa maji kidogo kidogo, unakaa foleni, unachota kwa kopo mpaka ndoo ijae, kisha unapanda. Kwenda na kurudi mara mbili kila siku. Katikati ya safari hizo kulikuwa na kutwanga muhogo, kuchuma na kuponda kisamvu, kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, porini kwa ajili ya wageni waliochoka na ugali, kufua mavazi meupe ya kanisani, na msimu ulipofika, kuokota korosho na kuzing'oa kwenye mabibo mpaka vidole vinachubuka. Na Yohana alikuwa mgongoni. Alizaliwa baada ya Pasaka, mtoto mnene, mtulivu. Mwalimu alikuwa mume mwema, hakunipiga, hakulewa, na kila jioni aliniuliza, "Umechoka, Mama Yohana?" Nami nilijibu, "Hapana." Naye alisema, "Mungu akutie nguvu," mikono imeshanyooshwa juu ya beseni, nami nikammiminia maji ya kunawa. Nimewahi kujiuliza kwa nini nilijibu hapana. Nadhani ni kwa sababu aliuliza huku amekwisha kunyoosha mikono.

Sijui siku ambayo ugonjwa ulianza, kwa kuwa haukuja na homa. Kwanza chumvi ilipotea mdomoni. Nilikula nimesimama, kutoka kwenye sufuria, baada ya watu wote, na kila kitu kilikuwa na ladha ya jivu. Kisha usingizi. Nililala nikiwa nimechoka kama gogo, na saa mbili baadaye macho yakafunguka yenyewe, yakangoja kidole cha mama mkwe jikoni. Kisha maneno. Bondeni wanawake walizungumza Kimakonde haraka haraka, wakicheka, na mwanzoni nilijitahidi kufuata, baadaye niliacha. Niliwasikia wakisema, "Huyu wa Masasi anajiona," na mwingine, "Muache, ni mke wa katekista, anasali kimoyomoyo." Sikuwa nasali. Hilo nimelikiri kwa Mungu mara nyingi: miezi ile nilipiga magoti bila neno hata moja ndani yangu. Na kibaya kuliko vyote, ambacho mkono wangu unasita kukiandika, nilimtazama Yohana akinyonya nisisikie chochote. Nilimhesabu pamoja na mizigo. Kuni, muhogo, ndoo, mtoto.

Kosa walilofanya wenzangu ni kosa la watu wa imani, na ndiyo maana nalieleza. Alhamisi moja kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, mwenyekiti wetu aliniomba nisimame. Alikuwa mama mwenye moyo safi, sauti kubwa. "Mwangalieni Mama Yohana," akasema. "Ametoka huko chini, amekuta shida yetu ya maji, na mpaka leo nani amesikia neno la manung'uniko kinywani mwake?" Akina mama wakaitikia, "Hakuna!" Akasema, "Huo ndio unyenyekevu, jamani. Ninyi mnaolalamikia mpaka kifuniko cha chungu, mjifunze." Wakanipigia vigelegele. Nilisimama pale na vigelegele vikanifikia kutoka mbali, kama sherehe ya kijiji kingine. Nilitaka kusema, "Mama, siyo kwamba sinung'uniki. Neno lenyewe halipo." Nikaketi. Tangu siku hiyo nikawa nimefungiwa humo, kwa kuwa mtu akishatolewa mfano kanisani, ataanzia wapi kusema kwamba hawezi?

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi. Padri alikuwa anakuja, kwa hiyo ilikuwa safari ya tatu. Nilifika bondeni jua kali, wanawake karibu wote wamekwisha kupanda. Nilimfungua Yohana, nikamlaza amelala kwenye majani kivulini nyuma ya jiwe, nikachota, kopo baada ya kopo. Ndoo ilipojaa nikagundua ngata nimeiacha nyumbani. Nikachukua mbeleko, ile kanga ya kumbebea mtoto, nikaizungusha vizuri ikawa ngata, nikaiweka kichwani, nikajitwika ndoo, nikapanda. Nakumbuka nilipanda vizuri. Nakumbuka nilifurahi kidogo kwamba mgongo ulikuwa mwepesi, na sikujiuliza kwa nini.

Mama mkwe alikuwa uani. Akainuka kwa shida kunitua, akashika ndoo, akanitazama kichwani, akaitambua kanga. "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi, Mama Yohana?"

Nikapeleka mkono mgongoni. Mama mkwe alikaa chini palepale, mikono kichwani, na mimi nikageuka nikakimbia. Nilianguka mara mbili kwenye mawe. Nusu ya njia nikakutana na mwanamke anapanda, mtoto wake mgongoni, na wa kwangu amemkumbatia kifuani, ananyonya ziwa lake. Ndiye Mama Somoe. Nilikuwa nikimwona tu bondeni, Mwislamu wa mtaa wa pili, mkubwa kwangu kwa miaka mitano hivi. Alikuwa anafua nguo chini kidogo ya chemchemi aliposikia kilio. Kichwani hakuwa na kitu. Basi msikie nilichomwuliza, mimi mama wa mtoto yule. Nilimwuliza, "Dada, maji yako yako wapi?"

"Nimeyamwaga," akasema. "Nina mikono miwili tu." Akamtoa Yohana kwenye ziwa, lakini hakunipa mara moja. "Wewe unaumwa, mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa hivyo, mwaka niliomzaa Somoe. Nilikuwa nalia kwenye mtama bila sababu, wakasema nina shetani. Haikuwa shetani." Kisha akanipa mtoto. Akageuka, akashuka tena bondeni kuanza upya. Yale maji hakuna aliyemrudishia. Ndoo yangu, ambayo haikumwagika hata tone, ilikuwa tayari imeingia kwenye mtungi wa wageni.

Kesho yake kikao kikakaa sebuleni, mimi nikiwa chumbani na mlango wazi. Mjomba wa Mwalimu ndiye aliyeongoza. "Najua mtoto ni wa ukoo wa mama yake," alisema. "Lakini ukoo wa mama yake uko Masasi, na genge liko hapa. Binti arudi kwao akaombewe, akipona tutaona. Mtoto abaki na bibi yake." Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Leo amemsahau penye majani. Kesho atamsahau penye maji." Hakukosea. Nilimsubiri Mwalimu aseme. Nilimkumbatia Yohana, na kwa mara ya kwanza tangu miezi ile nilisikia kitu: nilisikia hofu, nami leo namshukuru Mungu hata kwa hofu ile.

"Hodi," mtu akasema nje. Alikuwa Mama Somoe, ametoka bondeni, ndoo kichwani. "Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama. Mwalimu, habari za kazi."

"Marahaba," akasema Mjomba. "Hiki ni kikao cha familia, mwanangu."

"Ndiyo, Mjomba. Hata kukaa sitakaa, nina maji kichwani. Nauliza nipite. Mnajadili mtoto aende wapi. Huyu mama yake akienda Masasi, keshokutwa anashuka nani?" Akamwonyesha mama mkwe kwa macho. "Mama huyu magoti yake mnayajua."

"Mungu ataleta njia," akasema Mjomba.

"Njia ipo, Mjomba. Ni ile ya mawe." Mtu mmoja alicheka akajizuia. Mama Somoe akamgeukia mume wangu, shingo imenyooka chini ya ndoo. "Mwalimu, mimi si wa kanisa lako, nisamehe. Kesho shuka wewe. Na mtoto mgongoni, kama yeye. Ukirudi na vyote viwili, mfukuze."

Mjomba alifoka kwamba haijawahi kuonekana. Lakini Mwalimu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu aliyeogopa kutoa hukumu katika jambo asilolijua. Ndivyo alivyokuwa hata kwa wagombanao. Asubuhi akachukua ndoo mlangoni kwetu kabla sijainuka. Nilimfungia Yohana mgongoni kwake vibaya kuliko nilivyowahi kumfunga mtoto yeyote. Alirudi adhuhuri. Mtoto analia, suruali imechanika gotini kuna damu, na ndani ya ndoo maji hayakufika nusu. Nikaenda kumtua. Alikaa kizingitini, akahema, akaniuliza bila kuniangalia, "Mara mbili kwa siku?"

"Tatu, Padri akija."

Mama yake akatoka nje. Akamwambia, "Mama, mtoto ana mama yake." Kikao hakikukaa tena.

Kuanzia hapo safari ya asubuhi ikawa yake, kwanza kwa miguu, baadaye aliazima baiskeli akazunguka kwa njia ndefu ya mchanga na madumu mawili. Vijana wa kijiweni walimngojea. "Shikamoo, Mama Yohana!" walimwita. Naye, huku jasho linamtiririka, alijibu, "Marahaba, wanangu," akasukuma baiskeli. Wazee wa kanisa walilalamika kwamba anashusha heshima ya kazi. Jumapili shingo ilimuuma kiasi kwamba wakati wa Kanuni ya Imani, pale tunapoinama, alibaki wima kama nguzo, na akina mama wakauma kanga. Mama mkwe naye alianza kumchukua Yohana mchana, bila kuambiwa, akinipa saa moja ya kulala. Mvua ya kwanza ilipokuja, tulitega sufuria na mabeseni chini ya bati, nami nililala siku mbili nikisikia maji yakija yenyewe. Kupona kulichukua muda. Kulikuja kidogo kidogo, kama ile chemchemi. Karibu na Pasaka, siku moja mezani nilisema, "Hiki kisamvu hakina chumvi." Mama mkwe akaacha tonge mkononi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Amenung'unika," akamwambia mwanawe. "Umesikia? Amenung'unika."

Sitaandika kwamba Mwalimu alibeba maji maisha yake yote. Mwaka uliofuata tulihamishiwa penye kisima, na taratibu akarudi kunyoosha mikono juu ya beseni, nami nikamimina. Jambo la bonde hatukulizungumza tena. Nililiogopa. Kila Yohana alipougua, niliwaza ni siku ile inadai. Kila aliponikumbatia, niliwaza, angejua. Nimeishi na watu nyumba imejaa, watoto sita, wageni kila juma, na katika jambo hilo moja nilikuwa peke yangu kama nilivyokuwa kwenye yale mawe. Mume wangu alipokufa niliona nimebaki mimi na Mama Somoe tu tunaojua, na mmoja wetu akiondoka litakuwa limekwisha. Nilifikiri hiyo ni faraja.

Ndipo nikamwona Mama Neema penye bomba. Wasifu ulipokwisha nikamwita Yohana nyuma ya nyumba, nikamketisha juu ya kinu, mtu mzima yule mwenye mvi ndevuni, nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Sikumficha hata kwamba niliuliza maji kwanza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akawafukuza kuku waliokuja miguuni kwetu. Kisha akasema, "Mama, mbona hukuniambia kabla sijasoma yale maneno?"

"Mwanangu, hayo yamekwisha kusomwa. Nimekwambia kwa sababu ya mke wako. Nenda kamtazame. Usimwulize kama amechoka. Atasema hapana."

Alienda. Sikusikia walichosema, nilimwona tu akifungua mbeleko mgongoni kwa mkewe, akihangaika na lile fundo. Mama Neema alisimama mikono imening'inia, kama mtu aliyevuliwa koti asijue afanye nini. Mtoto alilia. Yohana akamweka begani vibaya, akachukua ndoo iliyojaa kwa mkono mwingine, akampelekea Mama Somoe, kwa kuwa alasiri ilikuwa imefika naye alitaka kutawadha. Akamwinamia. "Shikamoo, Mama. Maji yako haya." Mama Somoe akamtazama, akanitafuta mimi kwa macho kule mbali, akajua. "Marahaba, baba," akasema. "Umechelewa kidogo." Akanawa taratibu, mikono, uso, miguu, bila kumwaga zaidi ya inavyohitajika.

Mimi nikamshika Mama Neema mkono, nikampeleka chumbani kwangu, kwenye kitanda ambacho tangu Mwalimu aondoke upande mmoja hauguswi. Nikamwambia alale upande ule. Nikatoka na kigoda, nikakaa mlangoni. Watu walikuja, maana sufuria zilikuwa bado chafu na wageni wengine walikuwa hawajala. "Mama Neema yuko wapi?" "Amelala." "Saa hizi, Bibi?" "Saa hizi." Nilikaa pale mpaka jua likaondoka uani, nikisikia ndani pumzi zake zikiwa nzito, na sikumruhusu mtu kupita.

Wewe unayesoma, Bwana akubariki katika kutoka kwako na katika kurudi kwako. Kama wewe ni mama, na neno la kunung'unika limekukauka kinywani, yeye asikiaye hata palipo kimya akupe mtu wa kumwaga ndoo yake kwa ajili yako. Na kama katika nyumba yako mikono yako imezoea kumiminiwa maji, Mungu akufungue macho uone yanakotoka, mapema, mtoto akiwa bado mgongoni. Amina.